Beringi Mpya za Lamjed

Lamjed aliisikia ile trela kabla hajaiona. Gurudumu la kushoto lilikuwa linanguruma kama mzee anayekoroma, na Lamjed, aliyeketi nje ya kibanda chake kwenye barabara ya kuingia mjini Sfax, akaweka chini glasi ya chai na kumshukuru Mungu kwa riziki. Ulikuwa msimu wa zeituni. Kila mwenye trela alikuwa mbioni kuwahi zamu yake kwenye kinu cha kukamulia mafuta, na mtu mwenye haraka, jamani, haulizi maswali mengi.

Akaruka barabarani akipunga mikono.

"Simama, dada! Simama! Unataka kuua watu?"

Pikapu ikafunga breki. Aliyekuwa kwenye usukani ni Selwa, mwanamke wa makamo, na pembeni yake shangazi yake, Bi Mabruka, kikongwe mdogo mwenye kikapu mapajani. Nyuma walikuwa wanavuta trela ya buluu iliyosheheni zeituni zao zote za mwaka. Zamu yao kinuni ilikuwa alasiri hiyohiyo. Wakiikosa, zeituni zingelala ndani ya magunia, zingepata joto na kuchacha, na nyumba nzima ingekula mate mpaka msimu mwingine.

Lamjed akaipiga trela jeki, akalitikisa gurudumu, akasonya kwa huzuni kubwa.

"Beringi zimekwisha. Ukienda nazo hivi, gurudumu litakupita njiani likikupungia mkono."

"Maskini mimi! Kwani wewe unazo mpya, fundi?"

"Dada, mimi ndiye baba yao."

Akatoa boksi. Ndani, kwenye karatasi ya nta, zikang'aa beringi mbili na vikombe vyake vya chuma zinamokaa, mpya kabisa. Na kweli zilikuwa mpya. Zilikuwa mpya msimu huu, zilikuwa mpya msimu uliopita, na kwa mipango ya Lamjed zingebaki mpya mpaka siku ya kiyama. Maana kazi yake ilikuwa hivi: anazipakaza grisi mbele ya mteja, anaziweka kwenye sinia, kisha mteja akigeuza shingo tu, zinahamia chini ya kitambaa chekundu, na kutoka chini ya kitambaa zinapanda nyingine, kuukuu, alizomvua mteja wa jana, akaziosha kwa mafuta ya taa na kuzipaka grisi tayari. Beringi ikishapakwa grisi, nani atajua kama ni bibi harusi au mjane? Grisi nene huzinyamazisha kwa muda, na mteja anapogundua, yuko mbali na ana matusi tele yasiyo na wa kuyasikia.

Basi akalivua gurudumu, akatoa beringi zilizokwisha, akachota grisi kiganjani, akaibana beringi mpya humo mpaka grisi ikachomoza upande wa pili. Alifanya hivyo kwa raha, kwa kuwa Mungu alimpa mikono ya fundi hasa, akasahau tu kumpa aibu. Akazilaza zote kwenye sinia, akapangusa mikono.

"Fundi," Selwa akasema, akimwelekezea chupa kutoka kikapuni, "wewe ni mtu wa Sfax. Hebu tuambie, haya mafuta tuliyonunua juzi yakoje? Jirani anasema ni makali mno."

Loo! Muulize mtu wa Sfax kuhusu mkewe, atakujibu akiwa anatembea. Muulize kuhusu mafuta ya zeituni, atasimama, ataosha mikono, na hataondoka mpaka akufundishe. Lamjed akanawa. Akapokea chupa na kipande cha mkate, akasogea penye jua, akawapa mgongo wote, akaiinua chupa.

"Jirani yako hana ulimi! Ona rangi hii!" Akanusa. Akachovya mkate, akatafuna, akafumba macho. "Yanakwaruza koo kidogo. Yanatakiwa yakwaruze! Mafuta yasiyokwaruza ni maji ya kuoshea watoto. Sasa sikiliza..."

Selwa akasikiliza kwa adabu. Bi Mabruka naye akateremka taratibu, akainua kitambaa chekundu, akahamisha za chini juu na za juu chini, akajifuta grisi kwenye koti la Lamjed lililotundikwa mlangoni, akarudi kukaa.

Mhadhara ulipokwisha, Lamjed akachuchumaa, roho kwatu.

"Hebu dada, tazama ekseli ya kule ng'ambo, kama haijapinda."

Selwa akageuka kutazama. Fyu! Lamjed akabadilisha. Akabadilisha kwa wepesi ambao hata yeye mwenyewe aliuonea fahari, akachukua beringi zake mpya, kipenzi cha roho yake, akagongelea vikombe vyake ndani ya gurudumu na kuzipachika humo kwa mikono yake miwili.

"Usikaze sana, fundi," alisema Selwa.

"Unanifundisha kazi?" Akakaza nati huku analizungusha gurudumu ili beringi zikae, akailegeza, akairudisha kwa vidole tu, akapiga pini na kuikunja. Gurudumu likazunguka kimya kama limemwagiwa asali. Lamjed alishangaa kidogo kuona beringi kuukuu zinatii hivyo, akajipongeza kwa grisi yake.

"Niijaribu kwanza hadi pale kwenye mikaratusi, ndipo nikulipe," akasema Selwa.

"Bila rehani?"

"Nakuachia shangazi."

Rehani gani bora kuliko hiyo? Lamjed akamkalisha Bi Mabruka kwenye kiti, akampa chai. Trela ikafika kwenye mikaratusi, ikaipita, ikapotea.

"Mama, mbona harudi?"

"Kaenda kinuni, mwanangu. Malipo ulichukua mwaka jana. Trela ilikuwa ya kijani. Gurudumu lilichomoka, kondoo wa watu wakala zeituni zetu zote. Hapo ndipo nikaelewa kazi ya kitambaa chako. Unayo sukari?"

Lamjed akakimbilia kitambaa, akafuta grisi, akakuta beringi zenye makovu kama uso wa bondia. Akapiga yowe.

"Beringi zangu! Nimezitunza miaka yote!"

"Umezifunga vizuri sana," Bi Mabruka akamfariji.

Kumfukuza ajuza barabarani hakukuwezekana, watu wangemtemea Lamjed mate. Na kila dereva aliyesimama, bibi alimkaribisha kwa sauti kubwa: "Njoo uone, baba, anavyobadilisha chini ya kitambaa!" Saa ya adhuhuri, Lamjed akafunga kibanda, akampakia bibi kwenye gari lake bovu, ampeleke kinuni kabla hajaaibika kwa wilaya nzima.

Wakashika njia. Kisha Bi Mabruka akainamisha sikio dirishani.

"Mwanangu, gurudumu lako la nyuma linanguruma," akasema kwa upole. "Tafuta fundi mwaminifu."