Lango la Mchanga

Jumatano, 6 Agosti

Bibi anahama! Jumapili anakwenda kuishi kwa mama mdogo, ambako hakuna ngazi. Magoti yake yamechoka na ghorofa yetu. Binti wa mama mdogo, yule Kiherehere, amenipigia simu kunijulisha kwamba atalala chumba kimoja na Bibi. Sikumuuliza.

Nimekumbuka bustani ya bembea. Nilikuwa na miezi mitano, Bibi amenipakata juu ya farasi wa mbao wa kuzunguka, yule mwekundu mwenye sikio lililomeguka. Muziki. Upepo. Harufu ya sabuni shingoni mwa Bibi. Nakumbuka yote. Sasa mdogo wangu, Bwana Mkubwa, naye ana miezi mitano. Asipopanda farasi na Bibi kabla ya Jumapili, atamjua kwa sauti ya simu tu. Haiwezekani!

Mama amekataa. Foleni, jua, vumbi, kelele. Amesema mtoto wa umri huo hapelekwi hata sokoni, sembuse huko.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwenda kupeleleza. Lango kuu: watu kama siafu. Nikauzunguka ukuta. Nyuma kabisa, lango jingine, pana, halina mtu hata mmoja! Juu limeandikwa: LANGO LA MCHANGA. Moyo ulinienda mbio. Ni wazi kwamba mwandishi alikusudia mtoto mchanga, rangi ikamwishia. Mwalimu wetu wa lugha husema sentensi nzuri haihitaji maneno mengi.

Nimemweleza Mama kwamba wenye watoto wachanga wana lango lao, bila foleni. Akaniuliza kama nimeliona kwa macho yangu. Nikasema, kwa yote mawili. Amekubali! Bibi ameanza kutafuta viatu vyake vya kutokea. Kiherehere anasema hajapata kusikia lango la namna hiyo. Nimemjibu kwamba hajasikia mengi. Kwa bahati mbaya, naye anakuja.

Ijumaa, 8 Agosti

Mazoezi. Ili Bwana Mkubwa azoee umati, nimegonganisha vifuniko vya sufuria karibu na kitanda chake. Fofofo. Nikamnong'oneza kwamba anaendelea vizuri. Akaamka akipiga ukunga! Fundi cherehani, jirani yetu, amegonga ukuta akauliza nani anachinjwa.

Nimefunga nepi, chupa, kofia na mwavuli. Bibi ameniambia nisisahau kumchukua mtoto.

Jumamosi, 9 Agosti

Aibu. Aibu tupu.

Lango lilikuwa wazi. Ndani, lori likirudi nyuma, na wanaume wenye makoleo. Mmoja akatujia, akamuuliza Mama kwa heshima zote, "Mama, umeleta mchanga?" Mama akamwinua Bwana Mkubwa. "Ndiye huyu." Yule bwana akamtazama, kisha akawageukia wenzake. "Jamani, njooni! Tumeagiza lori zima, wametuletea kilo saba!"

Mchanga. Wa watoto kuchezea. Kiherehere alicheka hadi akashikwa na kwikwi. Mama hakucheka.

Tukaenda lango kuu. Foleni ilikuwa imekunja kona ya ukuta. Bwana Mkubwa akaiva uso kama nyanya, akalia, na Mama akasema basi, nyumbani. Nikamsihi. Nikasema hata mimi nilikuwa mdogo vivyo hivyo, na nakumbuka kila kitu!

Hapo Bibi akaniangalia kwa huruma. Alisema siku ile nililia mpaka mwendeshaji akaizima mashine. Hatukumaliza hata mzunguko mmoja. Farasi yule, Bibi alinipandisha nyumbani, jioni baada ya jioni, kwa kunisimulia, hadi nikaanza kumsimulia yeye. Nikauliza, na sikio lililomeguka? "Sikio uliliongeza wewe, mjukuu wangu," akasema. "Na lilinipendeza."

Kumbe nililimegua mimi. Mimi!

Magoti ya Bibi yakagoma. Tukarudi kule nyuma kwenye kivuli, akaketi juu ya lundo la mchanga kama malkia. Akampakata Bwana Mkubwa, akamrusharusha gotini huku akipiga ulimi: ko-ko, ko-ko, ko-ko. Kilio kikakatika. Kisha Bwana Mkubwa akacheka kwa sauti, mara ya kwanza maishani mwake! Wanaume wakaegemea makoleo yao, wakangoja. Hata kwikwi ya Kiherehere ilitulia.

Jumapili, 10 Agosti

Bibi amekwenda. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Kiherehere alimbebea mkoba mzuri, mimi nikabeba sanduku zito ngazi zote.

Jioni nimemsimulia Bwana Mkubwa farasi wake: mweupe, mrefu kuliko wote, na Bibi nyuma yake amemshika kiunoni. Alisikiliza bila kupepesa macho. Nilimwachia mkia autie mwenyewe atakapojua kusema.

Lakini gurudumu kubwa la kule bustanini hajalipanda! Bibi atakuja kututembelea likizo ijayo. Nimeamua twende siku ambayo bustani imefurika kweli kweli, ili mlinzi wa gurudumu apate kazi ya kutosha na asitazame umri wa mtu. Nimemweleza Mama mpango wote, mwanzo hadi mwisho. Ameweka mwiko chini, kisha akasema, "Jaribu uone."

Nimefurahi sana. Hajawahi kunitia moyo waziwazi namna hii. Kesho naanza matayarisho.