Siku Saba na Laptopu ya Bei ya Kati

Jumatano, 21 Julai 1999

Nimeteuliwa! Mimi Nathanaeli, karani wa ushirika wa kahawa kwa miaka kumi na sita, nimeteuliwa kuipima kompyuta. Ni ile ya kukunja kama kitabu, wanaiita laptopu. Ameileta Respicius, ambaye hadi mwaka juzi alikuwa akituuzia samaki wakavu wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Biashara huria imemwinua. Alikuwa nazo tatu: ya bei ya chini, ya kati na ya juu. Mwenyekiti wetu, Mzee Aminieli, akachukua ya kati bila kuifungua, kama anavyochagua viatu. Tuna siku saba. Nikiandika kwamba inafaa kwa kazi na kwa burudani ya wageni, tutainunua. Nikiandika haifai, inateremka Same na gari la Jumatano ijayo.

Kisha mwenyekiti akaongeza jambo kwa sauti ya chini. Tangu wanunuzi binafsi waanze kupita mashambani, kahawa inayofika chamani haitoshi kulisha watu wawili ofisini. Atabaki mmoja, yule atakayeiweza mashine. Mwingine ni Redempta, mpiga chapa. Nikamwambia mwenyekiti papo hapo kwamba mimi kompyuta nimeisomea Moshi.

Ukweli, kwa kuwa hapa hapana mtu: Moshi nilikaa foleni benki saa mbili nzima nikimtazama karani akibonyeza. Lakini nilitazama kwa makini.

Alhamisi, 22 Julai

Nimehangaika kuiwasha tangu saa mbili hadi saa nne. Nimebonyeza kila kinachobonyezeka. Redempta akapita na kikombe cha chai, akagusa kitufe cha pembeni, ikawaka. Nikamwambia Moshi tulifundishwa kuikagua kwanza ikiwa imezimwa. Akapuliza chai yake, akaenda zake. Huwa habishani, na hiyo ndiyo silaha yake.

Kazi: nimeandika jina langu kwa dakika kumi na moja. Herufi hazikupangwa a, b, ch. Kosa la kiwanda. Betri imedumu saa moja na robo. Uzito wa jogoo aliyekomaa. Harufu ya samaki, kwa mbali. Inapasha mapaja moto, na kwa baridi ya Julai huku mlimani hilo peke yake linatosha kuinunua.

Burudani: kuna mchezo wa karata wa mtu mmoja. Nimefungwa mara kumi na nne. Nashuku inaiba.

Mwenyekiti alichungulia daftari la wakulima akasema, kama kila mwezi, kwamba mwandiko wangu ni wa kuku aliyeponea chupuchupu kuchinjwa. Mashine itatuondolea aibu hiyo, akasema. Iliniuma.

Ijumaa, 23 Julai

Nimeibeba nyumbani kwa tathmini ya burudani ya jioni. Nimeshinda! Mara moja kati ya ishirini na tatu, lakini nimeshinda. Wakati karata zinaelekea kukubali, mke wangu Dorkas alisimama mlangoni akinieleza jambo refu, sijui Jumapili, sijui kwaya, sijui kikapu. Nikasema sawa. Mara tatu nilisema sawa.

Habari mbaya: mwenyekiti ameamua Redempta naye aijaribu mashine Jumatatu. Anasema ni haki. Haki! Yule mwanamke anapiga chapa bila kutazama vidole. Akiishika siku moja tu, mimi narudi kushika jembe, na mgongo wangu naujua. Lazima lifikiriwe jambo.

Jumamosi, 24 Julai

Limefikiriwa. Wakati wa kufunga ofisi nilimwambia Redempta kwamba Respicius ameichukua mashine kuirekebisha, hairudi kabla ya Jumatano. Akatazama koti langu, ambalo lilikuwa limevimba upande mmoja. Akanitakia Jumapili njema.

Nyumbani nimeizungushia khanga kuukuu ya Dorkas na kuilaza chini kabisa ya kikapu kikubwa cha jikoni, kile cha ndizi zilizovundikwa. Juu nikapanga ndizi zote kama zilivyokuwa. Ndizi zilizovundikwa hazisumbuliwi na mtu. Leo nitalala usingizi wa pono.

Jumapili, 25 Julai

Naandika haraka, mistari imepinda kuliko kawaida.

Nimeamka nimechelewa. Dorkas ametangulia kanisani na kwaya. Jikoni hapana kikapu. Leo ni Sikukuu ya Mavuno! Hilo ndilo alilokuwa akinieleza Ijumaa. Nilifika kanisani nikihema, na mbele ya madhabahu, kati ya maboga na mbuzi mmoja, kilikuwepo kikapu chetu. Mchungaji alihubiri juu ya kutoa bila kujibakizia. Sikuweza kukaa sawasawa kwenye benchi.

Baada ya ibada, mnada nje, kama kawaida. Na mnadi, kama kila mwaka, ni mzee wa kanisa Aminieli. Mwenyekiti wangu! Alikinyanyua kikapu, akayumba, akakishika kwa mikono miwili. Akawaambia washarika waone uzito huo, waone jinsi Nathanaeli alivyotoa kwa moyo, na mshahara wake tunaujua. Wakapiga makofi. Ningemwambiaje kwamba amekumbatia laptopu ya ofisi?

Nikaanza kutaja bei. Watu wakacheka, eti mtu anagombea ndizi zake mwenyewe. Dorkas akaninong'oneza huku ameyabana meno kwamba namwaibisha. Ningekipata mapema tu, lakini Redempta alikuwepo. Ni Mkatoliki, ila misa yao huisha mapema na mnada wetu una sifa ya mayai ya bei nafuu. Akapandisha. Nikapandisha. Akapandisha. Mfuko ulipokauka nikaongeza jogoo. Nikaongeza na koti nililovaa. Mwenyekiti akasema niache mzaha, koti si mazao. Kikapu kikaenda kwa Redempta. Akakitwika, akaondoka bila kuyumba.

Nilimfuata hadi njia panda. Nikaomba tubadilishane, nimpe mkungu mzima mbichi. Akauliza hizi mbivu zina kasoro gani. Nikasema zinasumbua tumbo. Akashukuru kwa tahadhari, akasema atakula taratibu.

Naogopa. Nyumba hii inakula kwa kazi ile, na kazi ile imeondoka juu ya kichwa cha Redempta. Dorkas haongei na mimi. Na mimi sijui nianzie wapi kumwambia.

Jumatatu, 26 Julai

Bwana asifiwe! Nilipofika ofisini, laptopu ilikuwa mezani kwangu, nzima, pembeni yake khanga ya Dorkas imekunjwa vizuri. Nililia kidogo. Nikasingizia mafua.

Redempta akasema jana ameijaribu mpaka betri ikaisha. Karata ameshinda mara tisa mfululizo, nami sikuomba ushahidi. Akasema mwenyekiti hatajua ilikolala, mradi ripoti iseme kweli juu ya nani anaiweza. Nikakubali kabla hajamaliza. Kisha akakaa, akaanza kuingiza majina ya wakulima. Kabla ya chai alikuwa na arobaini. Hapo akakwama. Akaniuliza jina hili ni Elirehema au Elinami. Nikamwambia wala, hilo ni Stumai. Akalitazama daftari, akanitazama mimi. Tukaendelea hivyo hadi jioni, mimi nasoma, yeye anabonyeza.

Jumatano, 28 Julai

Ripoti imekabidhiwa. Ameiandika Redempta, nimetia sahihi mimi. Kazi: inafaa sana, ikiwa mikononi mwa Redempta. Burudani: inafaa, ila karata ni ngumu. Sentensi ya mwisho niliing'ang'ania.

Mwenyekiti akavua miwani, akamuuliza Redempta kama ataiweza kazi peke yake. Nikatazama sakafu. Redempta akajibu, kwa heshima yako mzee, hapana. Akasema kuna madaftari ya miaka kumi na sita kabatini, na Upare yote, milimani na tambarare, ni mtu mmoja tu anayeweza kuusoma mwandiko ule. Bila yeye mashine itakaa tupu. Kwa hesabu yake ni kazi ya miaka mitatu. Mwenyekiti akafungua daftari moja, akahangaika nalo kitambo, akalifunga. Akasema basi tubaki wote wawili.

Sijawahi kufurahia kutukanwa mwandiko namna hii. Nilirudi nyumbani natembea kama niliyetuliwa gunia. Nikamweleza Dorkas kwamba kazi ipo. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu mnada, akanipakulia makande mengi. Aliuliza tu kwa nini khanga yake inanuka samaki.

Alhamisi, 29 Julai

Nimetafakari. Redempta ni mtu mwema na Mungu ambariki. Lakini akiuzoea mwandiko wangu, je? Inabidi aendelee kunihitaji. Kwa hiyo leo jioni nimeondoka na waya wa kuchajia. Kesho atautafuta, atahangaika, na mimi Jumatatu nitauokota na kuiokoa ofisi.

Nimeuficha mahali ambapo hapana mtu atakayegusa: chini kabisa ya tenga jipya ambalo Dorkas amelijaza sahani na sufuria na kulifunga utepe mwekundu. Liko karibu na mlango. Alinieleza ni la nini, maelezo marefu, sijui Jumamosi, sijui Maore kule tambarare, sijui harusi ya mpwa wake Careen.

Nikasema sawa.