Theluji Yetu Iliyoishia Kilimanjaro

Wathome Mutua,
Kibanda cha tatu kutoka mashine ya kusaga posho,
Soko la Kwa Mulwa, njia ya Kithimani.
Jumapili jioni, Julai.

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Soko,
Mzee Munyao.

KUH: KUPINGA KUNYANG'ANYWA KIPAZA SAUTI KWA SABABU YA THELUJI AMBAYO ILIKUWA NJIANI

Mheshimiwa Mzee Munyao,

Pokea salamu zangu za heshima, na zikufikie ukiwa umeketi, kwa sababu mambo niliyo nayo hapa si ya mtu kusoma akiwa amesimama. Mimi ni mzima. Natumaini nawe ni mzima, ingawa Ijumaa nilikuona ukitembea huku umeshika kiuno. Hiyo ni baridi, Mzee. Nilitangaza baridi.

Nimesoma barua ya kamati, ile iliyobandikwa jana jioni kwa mlango wa choo cha soko, mahali ambapo kila mtu aliisoma kabla yangu. Inasema nijieleze kwa maandishi kabla ya saa sita mchana kesho Jumatatu, la sivyo kipaza sauti cha soko atapewa Mama Nthambi wa ndengu. Nimeshika kalamu. Mimi kalamu siogopi. Shule niliwachia kidato cha pili, na si kwa ujinga kama vile watu husema, ni vile walimu walikuwa wameanza kurudiarudia.

Kabla sijaingia kwa malalamiko, naomba ukumbuke jambo moja. Kabla ya mwezi wa kwanza, mimi nilikuwa yule kijana wa kushusha magunia. Ukinitaka ulikuwa unapiga mluzi. Halafu ukanipa kipaza sauti nitangaze mbuzi waliopotea na matanga, nami kwa akili yangu nikaongeza hali ya hewa bila kuombwa. Sasa watu wananiita kwa jina. Mama yangu akienda kanisani anaketi kiti cha mbele, na hajaombwa na mtu atoke. Kwa hivyo mkichukua hicho chombo, mjue mnachukua na kiti cha mama.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Ati nilitangaza bila utafiti. Hii imeniuma sana. Kikundi chetu cha Wachunguzi wa Anga kina wataalamu wawili, mimi na Abdulatif mwenye duka la vitambaa. Mimi ni wa mvua, joto na baridi, yeye ni wa upepo kwa sababu pazia za duka lake hupepea. Jumatatu iliyopita Abdulatif alinionyesha video kwa simu yake. Huko Afrika Kusini, theluji imefunika magari, askari anateleza mpaka kofia yake inatangulia. Mtangazaji akasema kwa mdomo wake kwamba dhoruba ya baridi kali inasonga. Hakusema inasonga wapi, lakini Mzee, ukiwa Afrika Kusini hakuna pahali pengine pa kusonga ila kuja huku. Upande ule mwingine ni maji.

Hatukukurupuka. Tulimuuliza Nzomo, dereva wa trela ambaye hulala hapa sokoni akitoka kusini. Akasema safari humchukua siku tisa, na nne kati ya hizo anakuwa amesimama kwa mipaka na kwa mizani. Dhoruba haina mzigo wa kupimwa. Haina pasipoti. Tisa toa nne, tano. Jumatatu ongeza siku tano, Jumamosi, siku ya soko. Abdulatif alitaka tuongeze nusu siku ya dhoruba kulala, nikamwambia dhoruba hailali, hiyo ni sayansi ya kawaida. Sasa niambie, kuna mtu gani kwa kamati yako alifanya hesabu ndefu kama hiyo mwaka huu?

2. Ati niliharibu ndengu za Mama Nthambi. Mzee, hapa naomba tusome pole pole. Jumanne asubuhi nilitangaza maneno haya, nayakumbuka kwa sababu yalikuwa matamu: "Wakaaji wa Kwa Mulwa, Jumamosi saa nne theluji itaanguka. Anikeni haraka, anueni mapema, na mazao yenu myafunike kama vile mama hufunika mtoto." Hapo ni mfano wa lugha. Mtu yeyote aliyepita darasa la saba angejua ni mfano wa lugha.

Mama Nthambi aliondoka hapo hapo. Akazoa ndengu kutoka kwa turubai zikiwa bado na umande, akazitia kwa gunia, akafunga gunia kwa blanketi mbili, halafu akaliweka karibu na jiko ati zisigande. Siku nne. Jana alipofungua, kila ndengu ilikuwa imeota, imetoa mkia. Mimi sikutaja jiko. Tafuta popote kwa tangazo langu, jiko halimo. Na tena nimesikia kwamba kuna hoteli kubwa Nairobi ambapo ndengu za mikia kama hizo huliwa kwa uma na watu waliovaa tai. Badala ya kunishtaki, angekuja aniulize hiyo mikia inapikwa namna gani.

3. Nilidharauliwa mbele ya umma. Jana soko lote lilikuja limejipanga, na hiyo peke yake inaonyesha wananiamini. Watu walivaa sweta juu ya sweta. Mutunga wa viatu alivaa soksi kwa mikono akashindwa kurudisha chenji. Wewe mwenyewe, Mzee, ulikuwa na makoti mawili, na lile la ndani ni lile la harusi. Saa nne ikafika. Jua likawaka mpaka mabati yakaanza kulia. Saa tano, Mama Nthambi akasimama juu ya debe mbele ya kibanda changu, watu wakisikia, akasema:

"Wathome, kijana wangu, hiyo theluji yako imepanda gari gani? Imepata pancha Matuu ama imeshuka kununua matunda?"

Nikamjibu kwa heshima, "Mwaitu, mama yangu, safari ndefu huwa na mambo." Akasema, "Basi ipigie simu uiambie sisi tunaiva huku." Watu walicheka mpaka mmoja akakalia nyanya zake mwenyewe. Na wewe, Mwenyekiti, ulicheka. Uliweka mkono kwa mdomo lakini mabega yalikuwa yanaruka. Tangu hapo watoto wa mashine ya posho wananiita Barafu. Leo nimepita wakaniuliza, "Barafu, umeyeyuka?" Hii ni lugha ya kutumia kwa mtumishi wa umma?

4. Hapa ndipo kuna kiini, na naomba uite wanakamati wote wasikie. Theluji ilikuja. Haikufika, lakini ilikuja.

Leo alfajiri, badala ya kulala na kulia kama mtu wa kawaida, nilipanda pikipiki ya Abdulatif tukaenda mpaka Lukenya, tukapanda kilima. Anga ilikuwa safi kama sahani. Upande wa kusini tukauona mlima Kilimanjaro, na huko juu ni nyeupe, Mzee, nyeupe kabisa. Mara ya mwisho mimi kuuona mlima huo ni safari ya darasa la sita, na nakumbuka vizuri nyeupe ilikuwa kidogo, kama kofia ya mzee anayeenda msikitini. Leo ilikuwa kama kilemba. Sasa hiyo nyongeza imetoka wapi? Abdulatif alisema labda ni wingu. Nikamwambia akae kwa upepo.

Kilichotendeka ni wazi. Theluji yetu ilitoka Afrika Kusini Jumatatu, ikatembea vizuri, Alhamisi hivi ikafika pale, ikakuta theluji zingine za ukoo wake zimeketi juu ya mlima, ikakaribishwa, ikakaa. Mtu akitumwa Kithimani halafu aishie njiani kwa shemeji yake akinywa chai, utamlaumu yule aliyesema kwamba ametoka nyumbani? Mimi nilitabiri safari yote isipokuwa kilomita mia mbili za mwisho. Hiyo ni kama asilimia tisini na kitu. Shuleni sikuwahi kupata tisini na kitu, na mama angefurahi sana.

5. Mama Nthambi hana ujuzi wa kazi hii. Sisemi kwa ubaya. Nimechunguza njia anayotumia: anatoka nje, anaangalia juu, halafu anasema kuna jua. Mzee, hiyo si kutabiri. Hiyo ni kuona. Hata kuku anaweza. Mkimpa kipaza sauti, soko letu litakuwa linaambiwa mambo ambayo tayari linayajua, na maendeleo yatarudi nyuma.

Kwa sababu hizo zote, na zingine ambazo nimezificha nisije nikaaibisha kamati, naomba yafuatayo:

(a) Kipaza sauti kibaki kwangu, pamoja na ile betri mpya ambayo mmekuwa mkisema itakuja.

(b) Kamati iwaandikie wanaohusika na huo mlima, kwa lugha laini, theluji yetu irudishwe. Kama yote ni ngumu, hata nusu. Halima wa soda ako na friji kubwa na amesema kuna nafasi chini ya maji ya chupa.

(c) Siku nikitangaza theluji, mtu yeyote asiruhusiwe kuvua sweta mpaka nitangaze kuvua. Jana watu walivua saa nne na nusu, na nina hakika theluji ikiona mtu amevua inakata tamaa.

(d) Jua nalo liandikiwe onyo. Sijui barua ya jua hupelekwa wapi, lakini kamati ina katibu.

(e) Nipewe cheo cha Mkurugenzi wa Hewa na koti lenye mifuko mingi. Sina haraka na koti.

(f) Mama Nthambi aniombe msamaha akiwa juu ya debe lile lile. Nitamsamehe papo hapo, kwa sababu mimi si mtu wa kuweka mambo, na pia kwa sababu sambusa zake za ndengu sina mahali pengine pa kuzipata.

Mzee Munyao, wewe umenijua tangu nikitembea bila viatu. Unajua nina maneno mengi, lakini unajua pia sijawahi kutangaza mbuzi wa mtu akakosa kupatikana, isipokuwa yule wa Mutunga, na yule tulikuja kujua alikuwa ameliwa na Mutunga. Kosa moja dogo la hali ya hewa lisifute mbuzi wote hao. Nimekuwa mtu kwa sababu ya hicho kipaza sauti. Sitaki kurudi kwa mluzi.

Nisalimie mama watoto wako, wanakamati wote hata wale waliocheka bila kuweka mkono kwa mdomo, katibu, mlinzi wa lango, Nzomo akipita na trela yake, na mtu yeyote atakayekuwa ameketi hapo ukisoma akijifanya hasikilizi. Mama Nthambi pia msalimie, lakini salamu zake zitangulie kidogo nyuma ya zingine.

Ni mimi mwenye anga,
mtiifu wa kamati yako kwa mvua na kwa jua,

Wathome Mutua
Mchunguzi Mkuu (wa mvua, joto na baridi)

Nyongeza: Mzee, leo ni Jumatano. Barua hii ilikuwa tayari tangu Jumapili, imekunjwa, imewekwa kwa bahasha. Lakini Jumatatu saa mbili asubuhi niliangalia mawingu ya upande wa Matuu nikaona wazi kabisa mvua kubwa ya mawe inakuja, nikajikataza kutoka, kwa sababu karatasi ikilowa hakuna kujieleza tena. Najua kutoka kibandani kwangu mpaka ofisi yako ni hatua sitini. Nikangoja ipite. Jumatatu ilikuwa jua. Jumanne ilikuwa jua, nikasema inajipanga. Leo asubuhi nimesikia kipaza sauti kikilia soko zima, na sauti ni ya Mama Nthambi: "Leo kuna jua. Wathome, toka nje." Nimetoka. Kuna jua.