Kufunguliwa kwa Daraja la Motari, Upande wa Kasongo

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa mkuu wa teritware, mashefu wa vijiji, maimamu, mapadri, akina mama wa soko, wenye pikipiki na wenye kubebwa, itifaki imezingatiwa. (Makofi machache.)

Mimi Gérard, Mratibu wa Proje ya Kulinganisha Mwendo wa Pikipiki, baada ya uchunguzi wa kina nilioufanya mwenyewe kwa ustadi unaojulikana, nimethibitisha kwamba motari wa Kasongo, dereva wetu wa pikipiki ya abiria, huzima injini mbele ya msikiti wakati wa swala, humfutia mteja kiti, na mama huketi upande, mwavuli mkononi. Ilhali motari wa Salamabila, huko ng'ambo upande wa Kabambare, hasimami popote, maana akisimama tope linammeza, na kwenye mlima abiria wake hushuka na kusukuma bila kuambiwa. (Sauti: "Na weye ulisukuma, mukubwa?") Nilisukuma kwa niaba ya serikali. (Kicheko.)

Lakini wote wawili, wakifika mto huu, wana desturi moja: pikipiki hufungwa kwenye miti miwili, vijana wanne wakaibeba mabegani, maji kifuani. Desturi hiyo tunaizika leo, kwa asilimia tisini na tano, maana daraja limebakiza mbao za kukanyagia tu, na ndiyo maana miti yenyewe mnaiona hapa imesimikwa, utepe katikati.

(Sauti kutoka ng'ambo, upande wa Kabambare: "Abdoul, leteni miti. Sifa uchungu umemukamata.")

Maswali yatapewa nafasi mwishoni. (Mama Julienne, mama yake Sifa: "Mutoto wangu hana swali, papa. Anazaa." Abdoul na wenzake watatu, wale vijana wabebaji, wanang'oa miti. Utepe unakatika.)

Utepe umekatwa na vijana wenyewe. Huo ndio ushirikishwaji. (Wanachukua kiti cha mratibu, wanakifunga kwenye miti, wanaingia majini. Watu wanawafuata hadi ukingoni.) Naona msafara wa ufunguzi umeanza. Haukuwa kwenye programu, lakini nauidhinisha.

(Sifa anavushwa, amekaa kitini. Upande huu motari wa Kasongo amekwisha kumfutia siti. Vigelegele.)

Asanteni kwa vigelegele hivyo. Daraja moja, mwendo mmoja. Motari oyé. (Shefu mmoja, akiamka: "Oyé.")

Namalizia kwa shukrani, kwanza kwa wafadhili, pili kwangu. Tatu, Abdoul, miti usiipeleke mbali: saa nane nalifungua daraja hili upande wa Kabambare, na mimi na pikipiki yangu hatuna pa kupita.