Hukumu ya Wino Mweusi

Msafara ulikuwa umeshaanza kutoka getini Mkurugenzi alipotoa kichwa dirishani, akatutangazia kuwa kuanzia saa hiyo Idara ya Kumbukumbu za Ardhi iko wazi kwa wananchi wote. Kisha akapandisha kioo. Alikuwa anawahi ndege, anakwenda semina ya uwazi.

Mimi kama Msemaji wa Idara naomba nifafanue. Hukumu ya Mahakama, iliyotulazimisha kufungua, ilisema mambo mawili: mwananchi ana haki ya kuona majalada ya serikali, na siri za watu binafsi zilindwe. Wakorofi walidhani la kwanza tutalipiga chenga. Tuliyatekeleza yote mawili. Majalada tukayafungua, halafu kila jina, kila namba ya kiwanja na kila ramani tukapaka wino mweusi. Makarani walitoka na vidole vyeusi kama mafundi gereji.

Wa kwanza kuja alikuwa mama mkunga, ambaye nusu ya mtaa imezaliwa mikononi mwake. Alikuwa ameambiwa nyumba yake itabomolewa, eti imekaa juu ya barabara. Yeye alidai ramani ya zamani inaonyesha barabara inapita kwingine kabisa. Nikamkabidhi jalada kwa mikono miwili. Akaligeuza, akaligeuza tena.

"Mwanangu, mbona giza tupu?"

"Hiyo ni faragha, mama. Ya mwenye kiwanja."

"Mwenye kiwanja si mimi?"

"Ndiyo maana tunailinda kwa bidii."

Akanitazama kama anavyotazama kichanga kilichogoma kulia, akaenda kukaa kwenye benchi.

Hapo akaingia dereva wa tingatinga na amri ya kubomoa. Nayo ni kumbukumbu ya serikali, kwa hiyo tulishaipaka. Yalibaki maneno machache tu: ibomolewe nyumba iliyokaa juu ya barabara. Barabara si mtu, haina faragha. Dereva akauliza ni nyumba ipi. Nikamweleza kwa upole kwamba kumwambia ni kuvunja sheria.

"Fuata lami, baba," akasema mkunga kutoka benchini. "Itakapogonga ukuta, ndipo hapo."

Dereva alifuata lami. Iligonga ukuta wa Mkurugenzi.

Mkurugenzi aliporudi alinipigia meza, akidai fidia ya nyumba yake iliyobomolewa. Nikamwomba uthibitisho kuwa ilikuwa yake. Akataka jalada, nikampa kwa mikono miwili. Lilikuwa jeusi kuliko yote. Mwenyewe aliagiza lipakwe mara mbili.

Barabara sasa inapita. Mkunga yuko kwake, anapokea watoto. Dereva alipewa cheti cha utumishi bora, jina limefichwa. Mkurugenzi anaishi kwa shemeji yake, chumba cha uani. Mimi nakaimu nafasi yake, na jalada la nyumba yangu nimeagiza lisiguswe hata na tone la wino.