Muuaji wa Paris na Maji ya Newala

Jumatatu, 6 Julai 1992

Nimepata dawa ya Awadhi. Imo ndani ya kitabu.

Niandike kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa shuleni Chidya. Kwanza, hali. Awadhi ameleta video na jenereta, akaviweka bandani, mkabala na mgahawa wangu. Tangu hapo wateja hunywa chai yangu wamesimama, macho ng'ambo, kisha huvuka barabara. Jana nimemwaga birika zima.

Pili, hatari. Baba anakuja Jumamosi jioni, na makubaliano yetu ni haya: akikuta viti vimejaa, naendelea na biashara. Akikuta vitupu, narudi naye shambani kupuliza salfa, ile dawa ya unga, kwenye mikorosho. Naijua salfa. Huingia machoni, masikioni, hata kwenye ugali. Siendi.

Tatu, dawa yenyewe. Kitabu nimekiokota chini ya makoti kwa muuza mitumba, akanipa bure kwa kuwa hakivaliki. Hadithi ya Kifaransa ya upelelezi, ya zaidi ya miaka mia iliyopita, imetafsiriwa kwa Kiingereza. Dibaji ndiyo iliyonitoa jasho. Inasema Wafaransa walizichapa hadithi hizi gazetini, kipande kila siku, na kila siku walikata pabaya. Mlango unafunguka, mkono unaonekana, basi, kesho. Watu wa Paris wakaligombea gazeti asubuhi kabla ya mkate. Inasema pia kwamba mkuu wa kwanza wa wapelelezi wao alikuwa mfungwa wa zamani. Wafaransa wanajua kutumia watu!

Uamuzi: nitaisimulia kila jioni kwa Kiswahili. Nitakata pabaya. Asiye na kikombe mkononi hasikii.

Jumanne, 7 Julai

Nimeanza. Wasikilizaji tisa, akiwemo Bi Selestina, anayeniletea maandazi ya kuuza na ambaye hukaa mbele ili kuyalinda.

Nilifanya marekebisho machache ya kitaalamu. Kitabuni aliyeuawa ni tajiri wa mvinyo. Mimi nimemfanya mnunuzi binafsi wa korosho, maana tangu soko liwe huria kila mtu hapa anamjua mmoja ambaye hatamlilia. Kitabuni nyayo za muuaji zimebaki kwenye theluji. Mimi nimezibakiza kwenye salfa iliyomwagika ghalani. Watu wakatikisa vichwa. Wameziona kabisa.

Kikwazo kilikuja kwenye majina. Nilipomtaja mjane wa marehemu kwa jina lake la Kifaransa, Bi Selestina alinikatiza. Akauliza mjane huyo ana umri gani. Nikasema hamsini hivi. Akauliza ana watoto. Nikasema kitabu hakisemi. Akasema mwanamke wa miaka hamsini haitwi kwa jina kama mtoto wa darasa la tatu, na kama Wafaransa hawana adabu shauri yao, hapa ni Newala. Mgahawa wote ukaguna kumuunga mkono.

Nikampa mtoto palepale. Akawa Mama Josephina. Mshirika wa marehemu nikamwita Baba Reginald, mlinzi wa ghala Baba Safari. Hadithi ikanyooka. Nilikata pale mpelelezi anapoinua taa na kusema muuaji yumo nyumbani humu humu, na macho yake yanatua kwa Mama Josephina.

Mzee mmoja alikataa kuondoka. Ilibidi nimtolee kiti nje.

Jumatano, 8 Julai

Sijafungua mlango vizuri, mwanamke amesimama na ndoo ya maji kichwani. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia marahaba. Akasema yeye ndiye Mama Josephina.

Sikumfikiria. Anakaa nyuma ya soko. Alisema mumewe tangu jana hagusi chakula mpaka yeye aonje kwanza, na amehamishia kitanda chumba cha watoto. Aliniuliza amekuwaje mjane wakati mume wake yuko nyumbani anakoroma. Nikamweleza habari za Paris. Akasema Paris haimpikii mume wake. Aliniomba kufikia jioni awe amesafishwa, na ile ndoo akaiacha.

Niliitazama ndoo ile kwa muda mrefu. Bomba halijatoa hata tone mwezi huu. Maji yale yametoka bondeni, yamepandishwa mlima kwa kichwa. Nami nimepewa kwa sababu ya aya moja!

Jioni mpelelezi alipima nyayo, akaona ni kubwa mno kwa mguu wa mwanamke. Mama Josephina safi. Mumewe alikuwepo, nikamwona akishusha pumzi. Nikakata pale mpelelezi anapotazama viatu vya Baba Reginald.

Kwa majaribio tu.

Alhamisi, 9 Julai

Majaribio yamefaulu. Baba Reginald, mzee wa kanisa, amefika asubuhi na baiskeli na madumu mawili ya maji. Alisema kwenye kikao cha kanisa cha jana usiku benchi lake lote lilikuwa tupu, watu wamebanana upande wa pili kama kuku wakati wa mvua. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama najua ni nani aliyenishika siku nilipobatizwa Filemoni.

Ni yeye.

Nilimhakikishia kwamba kabla ya jua kuzama atakuwa mweupe kama kanzu ya kwaya. Na nimetimiza: mpelelezi aligundua kwamba usiku wa mauaji Baba Reginald alikuwa hospitalini Ndanda akitibiwa jino.

Kuna tatizo dogo. Kitabuni muuaji ni yeye. Lakini hilo ni la Jumamosi.

Usiku huu sipati usingizi kwa furaha. Wafaransa walikata pabaya wakauza magazeti. Hawakufikiria kwamba hata mshukiwa mwenyewe ni mteja. Mimi nimefikiria. Nimewapita.

Ijumaa, 10 Julai

Baba Safari, mlinzi wa kweli wa ghala la kweli, ambaye jana nilimtupia shaka, amekuja na dumu. Tajiri wake amebadilisha kufuli. Nimemsafisha. Mama Dorothy, ambaye kitabuni hayumo kabisa, nilimwingiza jana mwishoni kama mpishi mwenye siri, na leo ameleta ndoo mbili na kuku. Nimemsafisha, na kuku nimempika. Sasa nina maji kuliko ofisi yoyote ya wilaya. Jana nimeoga mara mbili.

Nikajisahau, nikaamua kummaliza Awadhi. Mwanawe anaitwa Mahmudu. Kwa hiyo leo jioni akatokea mtu mwenye mashine ya ajabu inayounguruma usiku, jina lake Baba Mahmudu, na kwenye gurudumu la mashine ile mpelelezi akaona chembe za salfa. Nikakata hapo. Mgahawa mzima ukageuka kutazama ng'ambo.

Nalala nikisubiri pipa zima.

Jumamosi, 11 Julai, asubuhi

Awadhi hakuleta hata kikombe. Alikuja anacheka, akaniita mwandishi wa habari, akanishika bega na kunishukuru. Jana watu walitoka kwangu wakavuka wote kwenda kumtazama muuaji kwa karibu. Wengine walisimama nje kwa kukosa nafasi. Ameandika kwa chaki kwenye ubao wake: MSHUKIWA YUPO NDANI. Akaniomba nisimsafishe haraka, angalau mpaka mwisho wa mwezi.

Nitamsafisha leo, sentensi ya kwanza.

Jumamosi, jioni, baada ya yaliyotokea

Naandika kwa mpangilio, kama kawaida.

Viti vilijaa. Madirisha yalijaa. Awadhi mwenyewe alizima jenereta akaja kusikiliza hukumu, maana kwake hakukubaki mtu. Baba alifika na vumbi lake la safari, akaketi nyuma kabisa karibu na mlango, akapewa chai. Nilimwona akihesabu viti kwa macho. Nilimwona akitabasamu. Sijamwona akitabasamu tangu bei ya korosho ya mwaka juzi. Nilikuwa nimeshinda. Nilitakiwa kunyamaza tu, au kukohoa, au kusema kitabu kimeliwa na mchwa.

Nikawasha moto zaidi. Nilimsafisha Awadhi. Nikawakumbusha waliosafishwa mmoja mmoja, wakaitikia kwa vichwa. Mpelelezi akakusanya wote ghalani. Akafunga mlango. Akasema muuaji ni…

Hapo ndipo nilipoona kwamba sina mtu.

Kitabu kilisema Baba Reginald. Baba Reginald alikuwa mbele yangu, mikono imefumbatwa kama wakati wa sala, na chai niliyokuwa naimimina ilipikwa kwa maji yake. Nikatafuta jina la mtoto yeyote ambaye mzazi wake hayumo. Kila jina lililonijia lilikuwa na mzazi ananitazama. Bi Selestina akasema tuna maandazi yanayopoa, mwanangu, sema. Jina moja tu lilikuwa huru, maana mwenyewe ni mimi, nami sijikasirikii.

Nikasema muuaji ni Baba Filemoni.

Vichwa vyote vikageuka nyuma taratibu.

Bi Selestina ndiye aliyeanza. Alisema, kwa adabu zote, "Shikamoo, Baba Filemoni." Baba akaitikia marahaba, akaweka kikombe chini. Aliyekaa karibu naye akasogea. Halafu na wa pili.

Baba hakupandisha sauti. Alisema viti kweli vimejaa, na ahadi ni ahadi, mgahawa utaendelea. Utaendelea chini ya Bi Selestina. Mimi naye tunaondoka wote alfajiri, kwa sababu muuaji akishazeeka anahitaji msaidizi.

Awadhi alipiga makofi peke yake.

Jumanne, 14 Julai, shambani

Macho yanawasha. Mashine ya salfa inanguruma mgongoni, na baba haongei nami ila kwa kunyoosha kidole kwenye mkorosho unaofuata. Wapulizaji wenzangu wanamwamkia wakiwa mbali.

Lakini nimekaa nikachambua, kosa baada ya kosa, na nimelipata. Sikukosea mpango. Nilikosea mahali. Newala wana wazazi wengi mno. Hapa tuko wachache, kazi ni kubwa, na saa sita mchana watu hawana pa kwenda.

Leo walinizunguka kivulini wakaniomba ile ya Paris. Nikasema ile imekwisha, ninayo nyingine nzuri zaidi. Maji yetu yalikuwa yameisha tangu asubuhi. Kisima pekee chenye maji kwa upande huu kiko uani kwa jirani, Mama Oliva, na hampi mtu.

Nikaanza. Nikasema hapo zamani, katika mji mkubwa wa Ufaransa, alikuwepo mwanamke mmoja mwenye kisima. Mwanawe mkubwa aliitwa Oliva.