Sikio Langu na Pampu Namba Mbili

Jumatatu, 15 Desemba
Balaa! Ratiba ya zamu imebandikwa, na Ijumaa niko kazini. Ijumaa! Siku ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo wetu. Wageni thelathini watakuja bila kualikwa, na mimi mwenye nyumba niko kituo cha umeme nalinda pampu ya boila. Bosi Ljubinko kaninyima ruhusa. Eti nusu ya Serbia ina Nikola huyohuyo. Haya. Pampu ikizimwa, mlinzi wake huenda nyumbani. Nikagusisha bisibisi kwenye beringi, mpini sikioni, nikaisikiliza kama mafundi wa zamani. Nikakunja uso. Nikatangaza kwamba beringi inakufa. Ukweli sikusikia kitu.

Jumanne, 16 Desemba
Dobrila, mpima mitetemo kwa kompyuta, kanicheka mbele ya watu. Kasema pampu ni nzima, kinachonguruma ni tumbo langu. "Mzee Radiša, bisibisi ni ya skrubu!" Nikamwendea bosi. Nikamuuliza, pampu ikipasuka na kumwagia watu maji ya moto, nani atakuwa amesaini kwamba ilikuwa nzima? Akaiweka kalamu chini. Kesho inafunguliwa. Raha!

Jumatano, 17 Desemba
Mungu wangu. Beringi ina ufa mrefu kama kidole! Kumbe waya wa kipimo cha Dobrila ulilegea, kompyuta ikawa inaonyesha vipimo vya mwezi uliopita. Milutin, anayepaka grisi pale kila asubuhi, kanikumbatia akalia. Ana mapacha wa miezi miwili. Nami nikalia, kweli kabisa. Asante, Mtakatifu Nikola! Sidanganyi tena.

Alhamisi, 18 Desemba
Dobrila kaomba radhi, kaniletea chupa ya pilipili za kuchoma alizosaga mwenyewe. Mwanamke mwema, nilimwonea. Bosi kanisifu mbele ya zamu nzima. Halafu akasema sikio la namna hii halikai nyumbani: kesho nisimamie matengenezo!

Ijumaa, 19 Desemba
Nimesimamia. Wageni nyumbani wamemaliza samaki. Mke wangu Stamena kaniletea getini mkate wa sikukuu na kichwa cha samaki. Milutin kaja siku yake ya mapumziko kukaa nami tu. Tukala wote. Nashukuru, hata kwa kichwa.

Jumamosi, 20 Desemba
Ratiba ya Krismasi imetoka. Niko kazini! Nimemnong'oneza bosi kwamba pampu namba tatu haina afya. Hakuna aliyecheka. Dobrila mwenyewe kasema, Mzee Radiša akisema hivyo, ifunguliwe. Bosi kasaini papo hapo. Nimempigia Stamena: anunue nguruwe mkubwa, Krismasi niko nyumbani.